Malalamiko ya Bi Suad

Winifrida alivaa kofia ya besiboli, akakaa mbele ya wazazi, akapandisha mguu juu ya mguu kama mtu aliye ofisini kwake.

"Sasa mimi si Winifrida," alisema. "Mimi ni kocha kutoka Ohio. Video za mabinti zenu nimeshazitazama, uchezaji wao naujua. Nimekuja kuwajua wenyewe, na kuwajua ninyi. Mama Peris, tuanze na wewe. Nieleze mwanao."

Walikuwa katika chumba cha walimu cha shule moja ya sekondari huko Hounslow, London, Jumamosi, baada ya mazoezi. Winifrida, mzaliwa wa Moshi, alikuwa mwalimu wa michezo shuleni hapo na kocha wa timu ya wasichana. Yeye mwenyewe aliwahi kusomeshwa Marekani na mpira, mpaka alipoumia goti akarudi Uingereza. Tangu hapo alijipa kazi ya kuwasaidia wasichana wa mitaa ile kupata nafasi katika vyuo vya kule, ambako mchezaji mzuri husoma kwa gharama ya chuo huku akiichezea timu yake. Wasichana aliwafundisha uwanjani. Wazazi aliwafundisha katika chumba hiki, na alisema wazi kwamba wazazi ndio wagumu. Wenye kuzungumza Kiswahili aliwatengea kikao chao, kwa sababu katika kile cha Kiingereza walikaa nyuma na kunyamaza.

Alikuwa ameshawaambia mengi. Barua pepe ya kocha ajibu mtoto, si mama. Video ianze na mpira, isianze na muziki. Msipige kelele pembeni ya uwanja, maana kocha akija haangalii mchezaji tu, anaangalia pia anavyozungumza na mama yake akishafungwa. Ulizeni masomo kabla ya kuuliza viatu. Sasa kilikuwa kimebaki kitu kimoja, mazungumzo na familia.

"Peris wangu ni kiongozi kabisa," alianza Serah, muuguzi kutoka Eldoret. "Tangu nasari alikuwa anawapanga wenzake mstari. Ana bidii, ana nidhamu, anaimba kwaya, hesabu yake ni A. Hata pasta alisema mbele ya kanisa lote..."

"Mama Peris," Winifrida alimkatiza, "huyo ni beki wa kushoto au ni waziri mkuu?"

"Waziri mkuu ni nani? Huyu atampita."

Watu walicheka, na Serah akacheka kuliko wote.

"Sawa. Punguza chumvi kidogo, lakini njia ni hiyo. Bi Suad, zamu yako."

Bi Suad alikuwa bibi wa Thuwaiba, kipa wa timu. Alikaa wima, mkoba mapajani, mtandio umetulia kichwani kama uliopigwa pasi hapo hapo.

"Nani, huyu?" alisema. "Huyu wa kula tu."

Kicheko kikaanza upya.

"Kweli tena. Kitanda chake ukikiona utalia. Chai akipika yeye utadhani maji ya kukoshea miguu. Na huo mpira anabahatisha. Ukimgonga, mnasema kadaka."

Wazazi walishika mbavu. Winifrida hakucheka. Alivua kofia, akatazama nje ya dirisha lililokuwa wazi, ambako wasichana walikuwa wamekaa wakiwangoja. Thuwaiba alikuwa akivuta vidole vya glavu zake, kimoja baada ya kingine. Na yeye hakucheka.

Wengine walipoondoka, Winifrida alimshika Bi Suad mkono.

"Bi Suad, kocha wa kweli atapiga simu Jumatano. Yule amempenda Thuwaiba tangu mashindano ya Pasaka. Anataka kipa mmoja tu. Ukimwambia maneno haya atakuamini."

"Ataamini nini?"

"Kwamba mtoto ni mvivu."

"Mtu mzima na akili zake aamini hayo? Nani atamsifu mwanawe mwenyewe mbele ya mgeni?"

"Wamarekani wote. Na Mama Peris."

"Mama Peris, Mungu amsitiri," alisema Bi Suad, na kusema kweli alimwombea.

Katika nyumba ya Bi Suad mtoto hakusifiwa. Alilishwa, alivishwa, alingojewa mlangoni mvua ikinyesha, lakini hakusifiwa. Mgeni akisema, "Masha Allah, mtoto mkubwa huyu," Bi Suad hujibu upesi, "Mkubwa wa nini, mwili mtupu." Ndivyo alivyolelewa Unguja, na kwao kila aliyesikia alijua maana yake. Lakini Bi Suad alikuwa na sababu yake zaidi ya hiyo.

Kaka yake mkubwa, Abdulsamad, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma Cairo. Mama yao hakuweza kuizuia furaha. Alisonga halua sufuria nzima, akamtuma Suad, msichana mdogo bado, aipeleke mtaa mzima, sahani moja kila nyumba, na kila nyumba aseme: kaka yangu anakwenda Cairo kuwa daktari. Mwezi uliofuata ulikuwa Januari, na mapinduzi yakaja. Abdulsamad alikwenda jela badala ya Cairo. Alipotoka alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno machache hayo hayo ndiyo aliyozeeka nayo Croydon, akichambua barua za watu katika ofisi ya posta. Hakuna aliyemwambia Suad kwamba halua ile ndiyo iliyoharibu mambo. Yeye mwenyewe alijua vizuri kwamba serikali haipinduliwi kwa halua. Lakini mikono yake, iliyobeba zile sahani, haikujua.

Thuwaiba alikuwa mtoto wa binti yake. Baba alikwisha fariki, na mama, baada ya kuolewa tena, aliishi Maskati. Ikaonekana bora mtoto abaki na bibi yake asikatishwe shule. Alifika kwa Bi Suad na meno ya mbele hana, na tangu siku hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili. Bi Suad alimsemesha kwa Kiswahili, Thuwaiba akajibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu.

Jumatano jioni waliweka kompyuta juu ya meza ya chakula, mbele ya bakuli la matunda ya plastiki. Kocha alitokea, mwanamke wa makamo mwenye uso uliozoea jua, filimbi bado shingoni. Alizungumza na Thuwaiba kwanza. Alimuuliza juu ya goli alilofungwa Pasaka, lile la kichwa.

"Lilikuwa kosa langu," alisema Thuwaiba. "Nilitoka golini nikasita. Kipa akishatoka asisite. Sasa nafanya mazoezi ya hilo."

Kocha alitikisa kichwa kwa kuridhika. Aliuliza anataka kusomea nini, naye akasema anataka kuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, wa kuwarudisha uwanjani watu walioumia. Mambo yalikwenda kama Winifrida alivyowafundisha. Kisha kocha akasema, "Na huyo ni bibi yako? Bibi, bila shaka unajivunia sana mjukuu wako."

Hakuna swali baya kuliko hilo ambalo lingeweza kuulizwa. Bi Suad alijisogeza mbele ya kompyuta, akatafuta Kiingereza chake kizuri, kile cha kwa daktari, akasema polepole ili neno lisipotee:

"Hapana, hapana. Huyu mvivu. Kula, kulala. Mpira anabahatisha. Huko kwenu wako wazuri zaidi, nina hakika."

Tabasamu la kocha lilibaki mahali pake kwa muda, kama mgeni asiyejua kama aondoke au akae.

"Unaona kwamba hayuko tayari kuishi mbali na nyumbani?"

"Tayari?" Bi Suad alicheka kwa adabu. "Sahani moja hajui kukosha."

Kocha aliandika kitu. Aliaga kwa heshima, na kioo kikawa cheusi.

Thuwaiba alibaki amekaa. "Hutaki niende," alisema.

"Nani kasema?"

"Wewe. Umemwambia kocha."

"Nimesema maneno ya adabu. Yule kanisifia, ulitaka nimwambie ndiyo, ni kweli? Atanionaje?"

"Atakuona bibi yangu." Sauti ya Thuwaiba haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kila mama kwenye timu anasema mtoto wake ni bora. Hata wale wanaokaa benchi. Mimi sitaki uwe Mama Peris. Lakini mara moja, Bibi. Mara moja tu ungenisaidia."

Akatoka nje, uani. Baada ya kidogo Bi Suad alisikia mpira ukianza kupiga ukuta. Du. Du. Du. Alikaa na matunda yake ya plastiki, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama mtoto aliyemlea kwa Kiswahili alikuwa ameelewa maneno tu, na yale yaliyo chini ya maneno hakuyapata.

Ijumaa Winifrida alikuja. Kutokana na alivyopiga kengele Bi Suad alijua habari si nzuri.

"Kocha ameniandikia," alisema alipoketi jikoni na kikombe chake. "Anasema yeye anampenda mtoto. Lakini anamchukua mtu kwa miaka minne, na anayemjua kuliko wote amemwambia ni mvivu na hayuko tayari. Kuna kipa mwingine Denmark. Atapiga tena Jumapili, halafu ataamua. Nimemwomba sana hiyo Jumapili, Bi Suad."

Bi Suad alifuta meza iliyokuwa safi.

"Basi nifundishe. Nisemeje?"

"Sema: Thuwaiba ana bidii."

"Thuwaiba ana bidii..." Bi Suad alimeza mate. "Kidogo."

"Ondoa kidogo."

"Thuwaiba ana bidii, kwa umri wake."

"Bi Suad!"

"Nisamehe, mwalimu. Jaribu jingine."

"Thuwaiba ni kipa mzuri."

"Thuwaiba ni kipa." Alisimama hapo. "Ulimi wenyewe haukubali. Si kiburi, wallahi. Ni kama unaniambia nimsimamishe mtoto katikati ya barabara ya Heathrow."

Halafu akamweleza habari ya halua, kwa kifupi, akiwa amempa mgongo. Winifrida alijua njia za kumjibu mzazi aliyetaka makuu, na mzazi aliyeogopa baridi ya Marekani. Habari ya halua ilikuwa mpya kwake. Alikunywa chai yake. Kweli ilikuwa chai ya bibi, si ya mjukuu.

Kengele ililia tena. Alikuwa Harjit, jirani wa ukuta mmoja, Singasinga mzaliwa wa Kisumu aliyepakia mizigo Heathrow mpaka akastaafu. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu bado, na hakikuwa na breki.

"Suad! Huyu mtoto yako atavunja nyumba yangu! Leo asubuhi tena, jua bado, du, du, du! Picha ya harusi imeanguka. Mke yangu anasema ni dalili mbaya, mimi nasema ni Thuwaiba."

Bi Suad alisimama. Uso wake ulichangamka kama wa mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Niambie mie, Harjit! Wewe unasikia ukuta tu. Mie naishi naye! Akisali alfajiri, badala ya kurudi kulala kama binadamu, yuko uani. Nimemficha mpira, kafunga soksi zangu kwa kamba, anazirusha zile. Soksi zangu nzuri!"

"Mwambie apumzike."

"Apumzike? Huyu akifungwa Jumapili hali mpaka Jumatatu. Namwambia, mtoto we, wenzio kumi walikuwa wapi mpaka mpira ukakufikia? Ananiambia, Bibi, mimi ndiye wa mwisho, siwezi kuwauliza walio mbele. Jibu gani hilo la kumpa mtu mzima?"

"Lakini lazima niseme," Harjit alianza kulegea, "nilipovunjika mguu, ni yeye alikuwa anasukuma pipa ya taka yangu mpaka barabarani. Kila wiki, bila kuambiwa. Mtoto mzuri sana huyu..."

"Harjit! Usimsifu! Unataka aanguke ngazini?"

"Basi, basi. Nalalamika. Picha yangu imevunjika."

"Lete fremu, nitanunua kioo. Na mwezi wa Ramadhani anafunga na anadaka, midomo imemkauka kama karatasi, nikimwambia kaa anasema hakuna wa kudaka kwa niaba yake..."

Winifrida aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege dirishani. Siku zote hizi alikuwa akimwomba huyu mama amweleze mtoto wake, na sasa alikuwa akimweleza, kwa ukali, kwa mikono yote miwili, tena kwa mifano ambayo Mama Peris hangeipata hata angepewa wiki nzima.

Alisimama, akaaga.

"Unakwenda?" Bi Suad alishangaa. "Hujanifundisha kitu."

"Hakuna cha kukufundisha, Bi Suad. Jumapili vaa ule mtandio wa kijani."

Alipofika nyumbani alimwandikia kocha maneno machache. Usimuulize kama anajivunia. Muulize msichana anamsumbua vipi, kisha nyamaza usikilize.

Jumapili walikaa tena mbele ya bakuli la matunda. Thuwaiba alikaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Bi Suad alikuwa amekariri sentensi mbili za Winifrida tangu alfajiri, na zote mbili zilimtoka kichwani kocha alipotokea.

"Bibi," alisema kocha, "leo sitaki sifa. Sifa nasikia kila siku, mpaka zimenichosha. Nikimchukua huyu msichana nitakaa naye miaka minne. Nataka kujua najiingiza katika nini. Niambie, anakusumbua vipi?"

Bi Suad alisogeza kiti karibu. Alikuwa hajajua kwamba Marekani wako watu wenye adabu.

"Una wakati?" aliuliza.

"Ninao."

"Basi kaa vizuri."

Alianza na ukuta wa Harjit, akapita kwenye soksi, akafika kwenye glavu, ambazo zilinuka kama mzoga na zilikoshwa katika sinki la jikoni, katika bakuli la mchele, kisha zikaanikwa juu ya hita sebuleni mbele za wageni. Kocha alicheka. Bi Suad hakuona cha kuchekesha, akaendelea. Usiku mtoto hazimi taa kwa ajili ya hayo masomo ya mifupa. Ukimzimia, anachukua kitabu chooni. Ukigonga, anasema anaumwa tumbo.

"Mwaka jana," alisema, "kidole kilimvunjika. Kakificha. Kadaka kipindi kizima na kidole kimevunjika, mie nyuma ya seng'enge naona anavyoushika mpira, najua kuna kitu. Nilimgombeza mpaka hospitali."

Thuwaiba aligeuka. "Ulikuwa nyuma ya seng'enge?"

"Kwani mie huwa wapi?"

"Ulisema unabaki kwenye gari la Mama Peris. Kwa sababu ya baridi."

"Gari la Mama Peris lina maneno mengi." Bi Suad akamrudia kocha. "Na siku nyingine ndiyo iliyonichosha kabisa. Tulikwenda Edmonton, hapa hapa London, tukawafunga watu magoli mpaka aibu. Kipa wao, mtoto mdogo, kakaa kwenye matope analia. Wenzake huyu wanarukaruka wanapiga picha. Huyu yuko wapi? Kaenda kukaa naye kwenye matope. Na nguo nyeupe! Anamwonyesha mikono, toka hivi, simama hivi. Basi linatungoja, dereva anapiga honi, mie miguu imekufa ganzi. Namwambia twende. Ananiambia ngoja, Bibi, hajamaliza kulia."

Kocha alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa akiandika.

Kwa Kiingereza, kile chenye kukwama na kuunganishwa kwa nyuzi, Thuwaiba alikuwa akiyasikia yale yale aliyoyasikia kwa Kiswahili miaka yote, na siku zote aliyaita kelele. Sasa aliyasikia pamoja na mtu mwingine, aliyekuwa akiyaandika. Bibi yake alikuwa anayajua magoli yote. Alizijua mechi kwa majina ya viwanja. Alikuwa amesimama nyuma ya seng'enge kila mara, na kwa jinsi alivyozungumza ilionekana penalti tu ndizo hakuziona, kwa kuwa hugeuka na kufumba macho.

Bi Suad alimaliza, akashusha pumzi, akanywa maji.

"Asante," alisema kocha. "Sijapata kuelezwa mchezaji vizuri hivi. Nina swali moja la mwisho, na hili ni la kweli. Nikimpa nafasi, utamwachia aje?"

Hapo hapakuwa na lalamiko la kujifichia. Bi Suad alitazama kitambaa cha meza. Nje ndege ilikuwa inashuka, chini kama kawaida, na ilibidi wote wangoje ipite. Alifikiria sinki tupu. Alifikiria alfajiri isiyokuwa na du, du, du, na akajua itakuwa kelele kubwa kuliko zote. Kisha akamfikiria Abdulsamad na maneno yake machache.

"Mchukue," alisema. "Ukuta wa jirani upumzike."

Chini ya meza mkono wake ulitafuta mkono wa mjukuu wake, ukaupata, ukaubana vile vidole vilivyokomaa, hasa kile kilichopinda.

"Masha Allah," alisema polepole, akiyaambia matunda ya plastiki.

Nafasi ikaja wiki hiyo hiyo. Bi Suad alitoa amri moja: hakuna kutangaza. Hakuna kuweka picha kwenye simu, hakuna kumwambia mtu, mpaka mtoto akanyage ardhi ya Ohio kwa miguu yake miwili. Thuwaiba, ambaye zamani angebishana, alisema sawa. Aliambiwa mama yake Maskati, na kuambiwa asiseme. Abdulsamad aliambiwa na Bi Suad mwenyewe. Alikwenda Croydon kwa basi na treni ili asimwambie kwa simu. Mzee alisikiliza, akaingia chumbani, akatoka na koti lake zito la zamani la posta, akasema kule kuna baridi.

Lakini Hounslow haifichi kitu. Siku moja ya Julai Serah alimwona Bi Suad sokoni, akaita kutoka upande wa pili wa mafenesi.

"Bi Suad! Nasikia Thuwaiba amepata chuo Amerika!" Peris alikuwa amepata chake Texas mapema, na hapakuwa na mtu kutoka Hounslow mpaka Heathrow ambaye hakuwa amearifiwa.

"Nani kakwambia? Anakwenda kutembea tu."

"Miaka minne?"

"Matembezi marefu."

Serah alimtazama, kisha akacheka, akavuka, akamkumbatia pamoja na vikapu vyake. "Haya, mama. Atembee salama. Mimi sijasikia kitu."

Agosti wakampeleka uwanja wa ndege. Harjit aliendesha gari, kwa kuwa alijua milango yote. Bi Suad alimwambia Thuwaiba asikoshe glavu kwenye bakuli la chakula cha watu, akamwambia ale, akamwambia koti la babu yake alivae hata kama si la kisasa. Zaidi ya hayo hakusema. Mtoto alipopita kwenye ukaguzi aligeuka, na bibi yake alikuwa bado amesimama pale pale, nyuma ya kamba, kama alivyosimama nyuma ya seng'enge.

Kesho yake asubuhi hapakuwa na kelele ukutani. Bi Suad aliswali, akatoa sufuria kubwa iliyokaa juu ya kabati miaka mingi, akasonga wanga, sukari na samli mpaka mkono ukauma, akatia iliki na marashi. Hakumwambia mtu anapika nini. Ilipoiva aliifunika kwa kitambaa, akakaa mbele yake na simu mapajani.

Simu ililia mchana.

"Nimefika, Bibi," alisema Thuwaiba, na alisema kwa Kiswahili. "Nimefika salama. Chai yao mbaya kuliko yangu."

"Hilo haliwezekani," alisema Bi Suad, na ikabidi aweke simu mbali kidogo na uso.

Baadaye alipanga sahani kwenye sinia, akakata vipande, akavaa mtandio wa kijani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Harjit. Alifungua mlango akiwa na miwani kichwani, akatazama sahani.

"Hii ya nini, Suad?"

"Mjukuu wangu amefika chuo, Ohio. Kwa mpira." Alisimama wima kizingitini, mikono yake ikilishika sinia barabara. "Ana bidii. Ni kipa mzuri sana."

Harjit alingoja neno la kufuata, lile la kupunguza. Halikuja. Bi Suad alimwachia sahani yake mikononi, akageuka, na Harjit alipomwangalia tena, Bi Suad alikuwa ameshafika kwenye lango la nyumba ya tatu, halua mkononi, anabonyeza kengele.